Nani Angoje Pembeni?

(Maneno ya mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka, Oldonyo Sambu)

Ninyi vijana mmekaa juani ili sisi wenye vitambi tukae kivulini.

Nimetakiwa niseme juu ya kazi yangu serikalini. Kazi ya mezani haina hadithi nyingi, kwa hiyo naomba nianze na gari moshi.

Hapa Oldonyo Sambu hatuna reli. Tuna barabara ya Namanga na malori yake. Reli ya kwetu inaishia Arusha mjini. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Treni za abiria zilikoma kuja huku miaka ya 1990, ndiyo maana rika langu tulisoma hapa bila kuijua treni, mpaka Oktoba 2020 zilipoingia Arusha tena. Lakini safari nitakayoisimulia ilikuwa kwenye njia nyingine, na sina haja ya kuitaja.

Usiku ule tulisimama kwenye stesheni ndogo porini. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Watu wakaanza kumtukana dereva. Mama mmoja aliyekuwa akiwahi maziko ya kaka yake alijifunika khanga usoni, akalia bila sauti. Nikashuka. Chini nilimkuta mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza dereva ana nini.

"Dereva hana kosa, mwanangu. Hawezi kusogea bila ruhusa. Tunangoja mizigo."

Akanieleza, nami nawaeleza. Reli zetu nyingi ni njia moja tu, kwenda na kurudi. Kati ya stesheni na stesheni huruhusiwa treni moja kwa wakati mmoja. Zikikutana, hupishana stesheni, penye njia ya pembeni. Yuko mtu mbali, mwenye ratiba na simu, anayeamua nani aingie pembeni na nani apite. Sasa, treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya pembeni, haienei humo. Basi itakayoingia ni ya abiria, kwa sababu ndiyo fupi. Tena mzigo mzito ukisimamishwa kwenye mwinuko, kuuondoa ni taabu, kwa hiyo mwamuzi huona heri aupitishe. Na treni ikishachelewa mara moja imepoteza zamu yake; kila stesheni mbele itakuta zamu ni ya mwingine. Hivyo saa moja huzaa tatu.

Nilisema kwa hasira kwamba basi mizigo izuiwe. Mzee akacheka. Mizigo, alisema, ndiyo inayolisha reli. Bila hiyo hata wewe usingekuwa na treni ya kuchelewa.

Msidhani jambo hili ni la nchi maskini tu. Marekani, sheria ya mwaka 1973 inaamuru treni za abiria za Amtrak zitangulie mbele ya mizigo. Lakini sehemu kubwa ya reli wanazopita ni mali ya makampuni ya mizigo, na wanaoamua kupishana ni waajiriwa wa makampuni hayo. Treni za mizigo nazo zimerefushwa mno, nyingine hazienei tena pembeni. Sheria ipo, na abiria wanangoja.

Reli yetu mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina kilomita 205 za njia kuu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Juu ya hizo zimelazwa kilomita 95 za njia za kupishania na za stesheni. Niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza niliona ni kupoteza chuma. Sasa naona aliyeichora aliwahi kungoja porini.

Narudi mezani kwangu. Mwaka mmoja kabla ya safari ile, lilikuja faili la tarishi mstaafu. Lilihitaji barua ya ukurasa mmoja na sahihi yangu, ili mafao yake yaende. Siku hiyo lilikuja pia faili la mkataba mkubwa, nene, lenye simu za wakubwa. Nikaweka la mzee pembeni. Kesho yake likaja jingine nene. Sikumchukia mzee yule, wala sikuomba chochote; faili lake lilikuwa dogo tu, lilienea kwenye kona ya meza. Lilikaa hapo miezi kumi na moja. Lilipotoka, aliyekuja kufuatilia alikuwa mjane.

Aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Baba, lilikuwa linangoja nini?" Nikamjibu kwamba taratibu zilikuwa zinaendelea. Ndivyo nilivyomjibu, Ndugu Mwenyekiti, na hakuna aliyenilazimisha.

Wale wa kidato cha nne wenye maswali juu ya ajira, nitakuwa chini ya mti ule baada ya chakula.