Mizani Isiyoonekana: Mkopo wa Simu na Haki ya Mkulima



Zamani aliyetaka mkopo alikwenda kwa mtu. Alihojiwa, akajieleza, na hata aliponyimwa alimjua aliyemnyima. Leo hukumu hiyo hutolewa na mashine. Kenya ilianza na M-Shwari mwaka 2012. Hapa kwetu M-Pawa ilifuata mwaka 2014, kisha huduma nyingine nyingi. Kompyuta hupima umri wa laini, vocha unazonunua, fedha zinazoingia na kutoka, na madeni uliyolipa. Kwa nukta chache hukadiria kama utalipa, ikakupa kiwango chako au ikakunyima.

Hatuukatai msaada huo. Asiye na hati ya nyumba aweza kupata fedha ya dawa usiku wa manane. Hata hivyo, yatupasa kuuliza: mizani hiyo imetengenezwa kwa kumfikiria nani?

Mkulima wa mahindi wa Laela au Mpui huuza baada ya mavuno. Miezi ya masika simu yake hukaa kimya. Mashine inayohesabu mwezi kwa mwezi yaweza kumwona hohehahe, kumbe shamba lake limestawi. Kadhalika mama anayetumia laini ya mumewe: uaminifu wake wote huandikwa kwa jina la mwingine.

Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wa Siku ya Amani Duniani, 1 Januari 2024, alizungumzia akili mnemba, akafundisha kwamba heshima ya binadamu hairuhusu upekee wake ugeuzwe kuwa rundo la takwimu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuijue Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake, na ya kupinga uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake.

Pili, tuhakikishe mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na kibali.

Tatu, kamati ya Haki na Amani ya kila parokia imsaidie aliyenyimwa kuuliza sababu kwa maandishi. Anayepimwa ana haki ya kuiona mizani.