Mgeni Mwenye Kamera: Mandhari ya Bukoba na Muleba na Wajibu wa Wenyeji



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wageni wanaofika Kagera wakiwa na kamera begani, na wanachokitafuta si kingine ila mandhari. Mgeni wa namna hiyo huuliza maswali matatu: aende wapi, saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani. Mwenyeji anayeweza kuyajibu hujipatia riziki. Asiyeweza huachiwa vumbi la gari.

Kwanza ni mahali na saa. Bukoba iko upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, hivyo jua huchomoza likitokea majini. Kwa kuwa Ikweta iko karibu, saa ya mawio haibadiliki sana: mwaka mzima ni kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, au dakika chache baadaye. Mpiga picha awe ufukweni nusu saa kabla, Kisiwa cha Musira kikiwa mbele yake na mitumbwi ikirejea kutoka kuvua. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri jua huwa la utosini na rangi hupauka. Muda huo ni wa kusafiri. Jioni jua huangaza kwa upande na kuonyesha kila mkunjo wa ardhi, na hapo ndipo mwinuko wa Kamachumu, wilayani Muleba, unapopendeza. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi wa dagaa huwasha taa, na ziwa likafanana na mji.

Atakaye zaidi ya mandhari aelekezwe Katuruka, karibu na Maruku, mahali palipofuliwa chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Atakaye Ziwa Burigi aelezwe kwamba liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, na kwamba huingiwa kwa kibali na kiingilio.

Pili, mandhari hayo hayakujitokeza yenyewe. Kijani kinachosifiwa na wageni ni kibanja: migomba, mibuni na maharage, vilivyorutubishwa kwa samadi na matandazo, kizazi baada ya kizazi. Manyasi ya dhahabu kati ya kijiji na kijiji ni rweya, yalikokatwa nyasi za kuezekea msonge na kutandazia migomba. Anayepiga picha ya kilima cha Buhaya anapiga picha ya kazi ya mikono ya watu. Rweya ikichomwa ovyo, moshi hufunika vilima na udongo hubaki wazi; mvua za Machi hadi Mei zikija, udongo huo huishia ziwani.

Tatu ni ruhusa. Kibanja ni nyumba ya mtu, na mara nyingi ndimo yalimo makaburi ya wazee wake. Si bustani ya umma. Mgeni apige hodi kwanza, aombe, ndipo afungue kamera. Watoto wanaooga ziwani wasipigwe picha bila ridhaa ya wazazi. Mwenyeji naye asidai fedha kwa kumtisha mgeni, bali wapatane mapema na kwa uwazi. Ni busara kijana anayeongoza wageni aanzie ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, ili ajulikane yeye na mgeni wake. Mwenye ndege nyuki anapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko kando ya ziwa, na chombo kidogo angani kinaweza kuleta msiba mkubwa.

Nne ni usalama. Visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, vina mandhari ya kuvutia, lakini hufikiwa kwa maji. Mkoa uliompoteza ndugu, jirani na mwanafunzi katika MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, hauhitaji kufundishwa hatari ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea, na nahodha akisema upepo haufai, safari iahirishwe. Picha itasubiri, uhai haurudi.

Mwisho, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ni kizuizi cha maendeleo. Watafakari jambo moja: ufukwe ukizibwa kwa kuta na ukingo ukichimbwa mchanga, samaki hukosa mazalia, mkazi hukosa njia ya kufika majini, na mgeni hukosa sababu ya kusimamisha gari. Mwenye ukuta hubaki na ukuta wake. Kata nzima hupoteza ziwa.

Mgeni huondoka na picha. Mahali penyewe hubaki mikononi mwa wenyeji, na atakayekuja kesho atakuta kile watakachokuwa wamekitunza.