Kutafuta Nasaba Katika Njia ya Kilindini

Ndugu zangu, nanyi walimu, atakaye kujua nasaba yake hana budi kuuliza majina, na pamoja na majina aulize kazi na mahali.

Tuitazame njia kuu ya Mombasa, iitwayo leo Moi Avenue, ambayo zamani ilikuwa Njia ya Kilindini. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na reli nyembamba humo, na juu yake yalipita magari madogo yenye kiti na kivuli cha kitambaa. Hayakuvutwa kwa mvuke wala kwa farasi, bali yalisukumwa na watu. Abiria aliketi kivulini, na wasukumaji wakaenda mbio juani. Katika miaka ya 1920, motokaa zilipoenea, magari yale yakakoma. Picha zake zimesalia: wasukumaji twawaona, lakini majina yao hatuyaoni.

Basi, walimu, wafundisheni watoto kuuliza nyumbani: "Babu zetu walifika mjini kabla ya motokaa, au baada yake?" Mzee asiyejua mwaka huenda akakumbuka habari za magari yale alizosimuliwa na baba yake, hapo nyakati zapatikana. Kisha jina litafutwe katika kitabu cha ubatizo, au kwa jamaa wengine, liandikwe pamoja na jina la aliyelisimulia.

Fanyeni hima, kwani waliosimuliwa habari hizi wamekuwa wachache, na jina lisiloandikwa popote halina pa kutafutwa.