Dakika Kumi za Subira



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Nilihudumia mitambo ya umeme tangu nilipotoka chuoni hadi nilipostaafu, na mambo ya kujisifia hayakosekani. Lakini leo nitawaeleza habari ya kipimo kimoja tu, kipimo cha dakika kumi, na jinsi mimi nilivyoshindwa kukisubiri.

Ndani ya jenereta mna koili za waya wa shaba, zimelazwa katika mifereji ya chuma. Shaba hupitisha umeme, na chuma vilevile. Kinachozitenga ni kihami, yaani vazi la mika, utepe na vanishi, ambalo unene wake ni milimita chache. Mika hiyo ni jiwe la matabaka linalobanduka kama karatasi, na zamani ilichimbwa hata katika milima ya Uluguru kule Morogoro. Vazi hilo likichakaa kwa joto, likipasuka au likinywa unyevu, umeme hupenya hadi kwenye chuma, na koili huungua.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha mashine iliyolala muda mrefu, fundi hupima kihami. Chombo chake ni Megger, jina lililosajiliwa Uingereza mwaka 1903. Chombo hiki hupeleka umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri ila wenye volti nyingi, kati ya koili na mwili wa mashine. Kisha sindano huonyesha ukinzani wa kihami kwa megaomu, yaani kwa mamilioni ya omu.

Hapa ndipo penye siri. Fundi husoma sindano baada ya dakika moja, akaandika. Halafu huendelea kupima bila kukatisha hadi dakika ya kumi, akasoma tena. Hesabu ya pili hugawanywa kwa ile ya kwanza. Kwa mashine kubwa nyingi, jibu likiwa 2 au zaidi, kihami ni kikavu na safi. Likiwa karibu na 1, kuna unyevu au uchafu.

Kwa nini tusubiri? Tufikirie mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, anayeondoka hapa Tabora kwenda Bagamoyo. Mbele yake iko Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa na misafara kwa ukame wake. Je, atakiamini kibuyu chake kwa kukitazama tu? La. Atakijaza maji na kukiacha kwa muda. Mara ya kwanza gamba lenyewe hunywa maji kidogo, na hilo si kosa. Kibuyu kizima kikishashiba hutulia, bali chenye ufa huendelea kuvuja. Ndivyo kilivyo kihami. Mwanzoni hunywa umeme. Kilicho kikavu hushiba polepole, na sindano hupanda dakika baada ya dakika. Chenye maji huvuja tu, na sindano husimama pale pale.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka 1984 nilikuwa mhandisi kijana katika mji mmoja ulio kwenye njia hiyo ya misafara. Sitautaja. Tulikuwa na jenereta ya dizeli ya volti 3,300, mashine ya zamani, iliyokuwa imelala miezi mitatu ikingoja kipuri. Iliposimama ilikuwa kiangazi, hewa kavu na vumbi. Kipuri kilipofika ilikuwa Desemba, na mvua zilikuwa zimekwisha kuanza tangu Novemba. Ninyi mnajua hewa ya Tabora inavyogeuka katika miezi hiyo. Mashine inayofanya kazi hujikausha kwa joto lake yenyewe, lakini iliyozimwa hunywa unyevu usiku kucha.

Tulipima mimi na fundi mmoja mzee. Megger yetu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mwendo lazima uwe mmoja muda wote. Dakika ya kwanza nilisoma megaomu 6. Kanuni ya mashine za zamani ilikuwa kuchukua volti kwa maelfu na kuongeza 1. Kwa hiyo yetu ilitakiwa isipungue 4.3. Nikasema, "Imefaulu, Mzee. Tuwashe." Akajibu, "Mwanangu, tuzungushe mpaka kumi." Mkono ulikuwa umechoka, Krismasi ilikuwa imekaribia, na simu za kuuliza taa zitawaka lini hazikukoma. Nikamtuma mzee akakague mafuta. Alipotoka, kwenye safu ya dakika ya kumi nikaandika 14. Nilijua kugawanya: 14 kwa 6 ni zaidi ya 2. Karatasi ikapendeza.

Tuliwasha jioni. Haikutimia saa moja, tukasikia mlipuko na harufu ya vanishi inayoungua ikajaa chumba. Mji ukawa gizani. Pampu ya maji ilitegemea umeme huo, na kwa wiki nyingi akina mama walipanga foleni visimani tangu alfajiri. Hospitali ilizalisha watoto kwa taa za kandili. Koili zilisukwa upya baada ya miezi mitano.

Kesho yake yule mzee alifungua daftari, akaweka kidole juu ya hesabu yangu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mwanangu, hii kumi na nne uliipata wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo sijalisahau hata leo. Kama ningesubiri, naamini sindano ingebaki karibu na 6, nasi tungejua la kufanya. Tungeifunika mashine kwa turubai, tukatia hita ndani siku mbili tatu. Ukinzani ungeshuka kwanza kwa joto, kisha ungepanda unyevu unapotoka. Mji ungekaa gizani siku tatu badala ya miezi mitano.

Mashine za leo zina vyombo vinavyopima na kugawanya vyenyewe, lakini kanuni ni zile zile. Joto la koili liandikwe, maana kwa kawaida ukinzani hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na usipolirekebisha utalinganisha Juni na Oktoba bure. Ukimaliza, unganisha koili na ardhi kwa muda usiopungua mara nne ya muda wa kupima, kwa kuwa umeme uliobaki ndani unaweza kuua. Na zaidi ya yote, kipimo cha leo kilinganishwe na cha mwaka jana. Daftari la uongo huharibu hata vipimo vya watakaokuja.

Nakumbuka pia kwamba Mwalimu Nyerere alisoma shule hii, kuanzia mwaka 1937. Leo bwawa lenye jina lake kwenye mto Rufiji lina jenereta 9, kila moja ya megawati 235, na ya kwanza iliingizwa katika gridi ya taifa Februari 2024. Nazo zina koili, na koili hizo zina vazi lake. Huenda mmoja wenu mnaonisikiliza atakabidhiwa kuzipima.

Nanyi vijana, najua desturi ya maabara, maana hata sisi tulikuwa nayo: jaribio likikataa, majibu hupikwa ili mstari wa grafu unyooke. Nawaombeni mwache. Andikeni kilichosomwa, hata kikiwaaibisha. Mimi nilianza kupika majibu katika maabara ya shule, kwa hesabu ndogo isiyomdhuru mtu, nikaja kumalizia katika chumba cha mitambo.