Lesula Alikuwa na Jina Tayari



Mwaka 2007 watafiti waliofika Opala, kwetu mkoani Tshopo huko Kongo, walimkuta tumbili mchanga akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Hawakumtambua. Wenyeji walimwita lesula, kama siku zote. Wataalamu walimtangaza kuwa spishi mpya mwaka 2012. Mpya kwao, maana wawindaji wa bonde la mto Lomami walikuwa wakiijua sauti yake nzito ya alfajiri.

Mwaka 2016 ikatangazwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, karibu kilomita za mraba 9,000 katika Tshopo na Maniema. Kabla ya hapo vijiji vilikaa vikao vingi, na wazee wakafanya tambiko kuwaomba mababu ruhusa. Mataifa yameahidi kulinda asilimia 30 ya dunia ifikapo 2030. Kwetu ahadi hiyo itatimizwa na nani, kama si wale waliokaa vikao vile?

Nje ya mbuga pia sheria iko upande wetu. Tangu amri ya 2014, kijiji kinaweza kuomba msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bila malipo wala kikomo cha miaka; hati hutolewa na gavana. Lakini kwanza ichorwe ramani, na ramani hiyo huchorwa kwa miguu, kijito hadi kijito, majirani wakikubaliana mpaka. Ndipo wanapopanga: hapa mashamba, hapa makala, hapa mnyama aachwe azae. Yangambi, kilomita 100 hivi kutoka Kisangani, wamepanda akasia za makala na muhogo katikati, ili jiko la mjini lisiumalize msitu.

Sasa sisi watu wa Kisangani tunaoishi huku ughaibuni. Linaniuma kulisema: nyama ya pori tunayoagiza ifichwe kwenye mizigo ya ndege inamtuma kijana avuke mpaka ambao mjomba wake ameukubali mbele ya mababu. Tuiache, ndugu zangu. Na ukipigiwa simu kwamba wenye mbao wanataka sahihi ya mzee, uliza kwanza kama kijiji kimeomba hati ya msitu wake.

Mchango wa leo naomba uende kwenye safari za ramani: mitumbwi, chakula, karatasi za vikao. Wazee wanaotangulia njiani, wanaojua lesula analia wapi, nao walipwe posho yao.