Kununua Bima kwa Pamoja: Kikundi Kiwepo Kabla ya Ugonjwa



Naanza na Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya afya ya watoto. Mzazi alilipa shilingi 50,400, mtoto akatibiwa mwaka mzima. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule. Wazazi waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini hesabu ilishagoma: aliyekimbilia kadi ni yule ambaye mtoto wake tayari anaumwa, mwenye mtoto mzima hakuona haraka. Mfuko ukawa unalipa zaidi kuliko unavyokusanya.

Hoja yangu inatoka hapo. Kikundi kinachofaa kununua bima ni kile kilichokuwepo kwa sababu nyingine. Watu hawakujiunga na AMCOS ya pamba, yaani chama chao cha ushirika cha mauzo, kwa kuwa wanaumwa. Walijiunga wauze pamba.

Ushirika Afya, mpango wa bima kwa wakulima walio kwenye vyama vya ushirika, ulijengwa juu ya msingi huo, mkulima akichangia shilingi 76,800 kwa mwaka kupitia chama chake. Wakati wa mauzo ndipo kaya nyingi za wakulima hushika fedha ya mkupuo. Ukimfuata mkulima wakati wa palizi, unamdai asichokuwa nacho. Hata hivyo, mkulima wa korosho kule Mtwara amechoshwa na makato. Akikuta mstari mwingine kwenye malipo yake bila kuulizwa, ataiita bima wizi, na sitamlaumu. Mkutano mkuu wa wanachama uamue kwa kura kabla ya msimu, na majina ya watakaokatwa, pamoja na wategemezi wao, yasomwe hadharani. Kazi hii ni ya polepole, na maofisa wetu hupenda kuiruka.

Ukubwa wa kapu la michango nao una maana. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulipoanza Igunga mwaka 1996 na kuenea, kila halmashauri ilikuwa na kapu lake dogo. CHF iliyoboreshwa ya 2018 ilihamishia kapu mkoani: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na matibabu mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kadi bila dawa haina mteja wa mwaka wa pili. Dodoma walianza kulikabili hilo mwaka 2014 kwa mfumo wa Jazia: vituo viliunganisha mahitaji ya dawa zilizokosekana Bohari ya Dawa (MSD), vikanunua kwa mshitiri mmoja. Wanaobuni bima wakae meza moja na wanaonunua dawa.

Yupo pia mama anayeuza ndizi stendi, asiye na chama wala kikoba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mfuko wa wasio na uwezo. Napendekeza fedha hizo zimlipie ndani ya kapu lilelile la wakulima, kwa kadi ileile, ili akifika dirishani asiulizwe yeye ni wa fungu gani.