Sauti Njema Nyumbani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani. Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa Masasi na Newala, kwa sababu korosho zikiisha kuuzwa, fedha hukaa mkononi kwa siku chache tu, na wengi huzitumia kununua redio au sabufa. Mnunuzi huingia dukani akauliza, "Kipi chenye sauti kubwa kupita vyote?" Swali hilo halitoshi. Sauti kubwa ni jambo moja, na sauti njema ni jambo jingine. Anunuaye ya kwanza akidhani amepata ya pili, amepoteza jasho la mwaka mzima.

Vyombo vya kunasa sauti vilifika kwetu zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, alipita Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hata Newala, naye alichukua fonografu. Chombo hicho hakikuhitaji umeme. Mtu aliimba mbele ya parapanda. Sauti yake ikatikisa kiwambo chembamba, na sindano iliyoshikamana na kiwambo ikachora mfuo katika nta iliyokuwa ikizunguka. Sindano ilipopitishwa tena katika mfuo ule, sauti ilirudi. Nyimbo alizozinasa katika safari ile zilipelekwa Berlin, katika hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900. Lakini fonografu ilinasa kile tu kilichoifikia parapanda kwa nguvu. Mwimbaji aliyesimama mbali aliacha alama hafifu, na hakuna fundi awezaye kuzidisha kisichochorwa.

Hapa twapata kanuni ya kwanza, nayo ni kubwa kuliko zote: sauti iliyopotea mwanzoni hairudishwi mwishoni. Watu wa Newala waelewa hayo upesi. Kabla ya mabomba, waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa shida. Aliyeteka matope alifika nyumbani na matope, hata mtungi wake ukiwa mzuri namna gani. Muziki ni vivyo hivyo. Wimbo uliofinywa mno ili uchukue nafasi ndogo katika simu umekwisha kupoteza sehemu yake. Ukiupeleka katika spika ya thamani, wasikia kasoro zake waziwazi zaidi.

Kanuni ya pili ni kutunza mahali pale sauti inapoguswa. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay pamoja na wenzake, nyimbo zao zikatiwa katika santuri, na santuri hizo zikapendwa sana pwani. Upande mmoja ulichukua dakika 3 hivi, na santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja, maana sindano iliyochakaa huikwaruza santuri. Mwenye gramafoni ndogo aliyebadilisha sindano, akafuta vumbi, na kuziweka santuri mbali na jua, alisikia vizuri kuliko tajiri mzembe. Siku hizi sindano ni chache, bali waya uliolegea, betri iliyochoka, na vumbi ndani ya spika huharibu muziki vilevile.

Kanuni ya tatu ni kutodanganywa na hesabu ya wati iliyoandikwa juu ya sanduku. Ili sikio lione kuwa sauti imekuwa kubwa mara 2, nguvu ya chombo haina budi kuongezwa kadiri ya mara 10. Kwa hiyo chombo cha wati 40 si mara 2 ya kile cha wati 20. Tofauti yake ni ndogo. Tena chombo kikilazimishwa kupita nguvu zake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, ndipo tusikiapo mkwaruzo. Punguza kidogo, utasikia zaidi. Na masikio yakivuma baada ya muziki kwisha, hiyo ni onyo: usikivu ukiisha kuharibika kwa kelele, haununuliwi dukani.

Nyumba nayo ni sehemu ya chombo. Bati na kuta za saruji huirudisha sauti, maneno yakavurugika; mikeka, mapazia, na watu wenyewe huimeza. Spika ikiwekwa pembeni mwa chumba, sauti nzito huzidi na kumfunika mwimbaji. Isogeze mbali na kona, uiweke juu ya meza imara, kimo cha masikio. Kazi hiyo haigharimu hata senti.

Basi, mtu atajuaje chombo chema? Apime kwa sauti aijuayo. Sisi twazijua ngoma tangu utotoni. Nenda dukani na ngoma ya sindimba iliyonaswa vizuri, uisikilize kwa sauti ya kadiri. Je, waitambua ngoma ndogo kali mbali na ile kubwa? Je, wasikia mkono ukigusa ngozi, au mngurumo tu? Je, maneno ya mwimbaji yaeleweka? Chombo kikishinda jaribu hilo, kinunue, hata kikiwa kidogo.

Neno la mwisho ni kwa wanafunzi. Wazee wenye nyimbo za jando, za kulima na za kutwanga wangali nasi, lakini wanapungua. Mnapowanasa kwa simu, waombeni ruhusa kwanza. Kisha msikae mbali. Sogeeni karibu, zuieni upepo wa Newala kwa ukuta, na nyamazeni mpaka wimbo uishe. Wajukuu wenu watakuwa na vyombo bora kuliko hivi vyetu, lakini watasikia kile tu mtakachokuwa mmewawekea.